Nukta Mbili za Mama Nukta

Kazini walimwita Mama Nukta, na jina hilo alilipata kwa haki. Alikuwa mwandishi wa programu katika maabara moja kubwa ya kupima damu, ile inayopokea sampuli kutoka kliniki za mji mzima na vitongoji vyake. Programu iliyopeleka majibu kwa madaktari ilikuwa imetoka mikononi mwake. Mikononi kweli, si kwa msemo tu, maana mikono ndiyo iliyokuja kumtia majaribuni.

Baridi yabisi ilimwanza kidogo kidogo, kama mgeni anayedai amepita tu kusalimia. Asubuhi vidole vinagoma kukunjuka, kufika saa ya chai vimelainika, mtu anasahau. Kisha mgeni akaomba mkeka, akalala. Viungo vikavimba, na vidole vya mkono wa kulia vikaanza kuegemea upande mmoja kama watu wanaochungulia dirishani. Daktari akampa dawa, dawa zikasaidia kiasi chake, na juu ya dawa akamwambia apunguze kuandika. Alitoka pale akijiuliza apunguze nini, mtu ambaye ulaji wake ni kuandika.

Mume wake alikuwa fundi wa mafriji, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi kila asubuhi, huku akipiga domo ili mkewe asipate nafasi ya kuona haya.

"Nimefungua friji za kila aina," alikuwa akisema, "lakini kifungo hiki kilishonwa na mtu mwenye roho mbaya."

Nyumbani, basi, aliokolewa na mume. Kazini aliokolewa na nukta mbili.

Ilikuwa hivi. Taarifa za wagonjwa huja na mapengo. Sampuli moja ina jina la daktari lakini haina simu yake. Nyingine haina hata daktari, imeletwa tu na dereva wa kliniki. Kwa hiyo programu inapotafuta simu ya daktari, lazima iulize kila hatua: daktari yupo? Kama yupo, simu yake ipo? Kama haipo, tufanyeje? Ukiyaandika hayo yote kwa urefu, ni mistari mitano sita, kila mmoja na mabano yake, na mabano ndiyo yaliyokuwa yakimtoa machozi, kwa kuwa yalidai vidole viwili vibonyeze kwa pamoja. Lakini lugha aliyoitumia ilikuwa na njia ya mkato. Uliandika sampuli..daktari..simu, ukaweka nukta mbili bega kwa bega kati ya neno na neno, na maana yake ilikuwa: fuata njia hii mpaka utakapofika, ukikuta pengo, simama kimya, usiangushe kitu. Nukta hubonyezwa kwa kidole kimoja. Mama Nukta alizipanda nukta zake kila mahali kama mtu anayepanda mtama, na kazi ikasonga.

Siku moja mwenzake wa meza ya jirani, mwanamume mrefu waliyemwita Twiga, aligeuza kiti akamtazama.

"Dada, umeona wanataka kukuibia?"

"Kuniibia nini?"

"Nukta zako."

Lugha ile ya programu ilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa watu wa kujitolea waliotapakaa nchi mbalimbali na kukutana mtandaoni. Yeyote aliruhusiwa kuleta pendekezo, yeyote aliruhusiwa kulijadili, na mwisho halmashauri ya watu wachache iliamua. Sasa kulikuwa na pendekezo la kuondoa nukta mbili katika toleo lijalo.

Alilisoma akitarajia upuuzi. Upuuzi angeuweza. Alichokikuta kilikuwa hoja zilizopangwa kwa adabu. Nukta moja, walisema, ina maana ya "kitu hiki kipo, kichukue", na kisipokuwepo programu inaanguka kwa kishindo, watu wanajua. Nukta mbili zinapita kimya. Tofauti ya kishindo na kimya ni doa dogo ambalo jicho lililochoka halilioni. Wanafunzi wanalikosea, wazoefu wanalikosea. Na kwa nini lugha iwe na njia mbili za kusema jambo moja, ndefu na fupi, wakati ndefu inatosha? Ufupi ni urahisi tu, walisema, na urahisi si haja.

Hapo kwenye "urahisi tu" akatua. Akasoma tena. Kisha akavuta kibodi, akaanza kuandika jibu kwa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ambacho ndicho kilichokuwa bado na utiifu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Hawakusema kama kinaweza kutetea nukta. Alieleza mikono yake ilivyo, kazi yake ilivyo, na akaweka kipande cha programu yake kama mfano ili watu waone kinavyosomeka kwa wepesi. Akamalizia hivi: kwenu huu ni mkato, kwangu ndiyo barabara yenyewe.

Majibu yakaja kwa wingi, na yote yalikuwa ya upole. Watu walimpa pole. Mmoja alimshauri atumie kifaa kinachomalizia maneno chenyewe. Akaeleza kwamba kifaa hicho hukuwekea orodha uteremke kwa vishale, na kila kishale ni kidole, na isitoshe kompyuta za maabara haziruhusiwi kuwekewa kitu kipya kwa ajili ya siri za wagonjwa. Mwingine alimshauri ahamie lugha nyingine, kana kwamba anamshauri abadilishe basi. Wa tatu aliuliza kama amejaribu kuzungumza na kompyuta badala ya kuandika.

Alikuwa amejaribu. Kwenye ukumbi wa watu wengi, na simu zikilia, alikuwa akisema "nukta" na mashine ikiandika "nuksi". Twiga alicheka mpaka akashika meza, naye mwenyewe alicheka. Mwisho wa siku alikuwa na ukurasa mzima wa nuksi, na sauti imekauka.

"Wangenitukana ningejua pa kuwashika," alimwambia mumewe jioni wakila. "Wananipa pole. Pole utaijibu nini?"

"Unaijibu 'nimeshapoa'," mumewe akasema. Alipoona mkewe hacheki, akamkatia nyama vipande vidogo, akamsogezea sahani.

Halmashauri iliitisha kikao cha sauti kabla ya kupiga kura, na aliyekuwa na la kusema alikaribishwa. Kikao kiliangukia saa za kazi. Mama Nukta aliomba chumba cha mikutano cha maabara, kile chenye meza ndefu na kiyoyozi kinachonguruma, akaketi na kompyuta mbele yake. Twiga akaja kukaa naye, ingawa hakuwa amealikwa na mtu.

Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa sauti tulivu. Alimpa nafasi mapema. Mama Nukta alisema alichokuwa amekiandaa, na alikisema vizuri. Hakulia, hakubembeleza. Alieleza mstari mfupi unamgharimu nini na mstari mrefu unamgharimu nini, na akasema haombi lugha ipindishwe kwa ajili yake, anaomba tu kilichopo kisiondolewe. Twiga akamwinulia dole gumba.

"Ahsante sana, dada," mwenyekiti akasema. "Sasa nampa nafasi aliyeleta pendekezo."

Mpaka hapo Mama Nukta hakujua mleta pendekezo ni nani. Kwenye maandishi alikuwa jina la kubuni tu, herufi na tarakimu. Ilitoka sauti ya mwanamume wa makamo, nzito kidogo, ya mtu aliyezoea kusikika hadi nyuma ya darasa.

"Dada yangu, nimekusikia, na maneno yako yamenichoma," alisema. "Mimi ni mwalimu. Ni kipofu, na wanafunzi wangu wote ni vipofu. Ninawafundisha kuandika programu ili wasiishie kuuza kadi za simu na kusubiri huruma. Naomba ruhusa niwasomee kitu kwa mashine yetu, ile inayotusomea skrini. Nitasoma kipande ulichokiweka wewe mwenyewe."

Mwenyekiti akamruhusu. Ikasikika sauti ya mashine, kavu na ya haraka: sampuli daktari simu. Sampuli kliniki jina. Majibu tarehe.

"Hiyo ni nukta moja au mbili?" mwalimu akauliza.

Mama Nukta akainamia kompyuta, akatega sikio.

"Hata sisi hatujui. Mashine inazipita zote. Mtaniambia niiweke isome alama zote. Haya, sikilizeni."

Mashine ikaanza tena, na sasa ilisoma kila kitu: nukta nukta, mabano fungua, mabano funga, nukta, mkato, alama ya kunukuu, nukta nukta, mabano funga, mabano funga. Iliendelea na kuendelea. Mama Nukta alijaribu kuifuata programu aliyoiandika kwa mkono wake, akapotea kabla ya mstari wa pili kwisha.

Mwalimu akaizima. "Mwanafunzi wangu mmoja, binti hodari, alipata kazi. Aliacha nukta mbili mahali palipotakiwa moja. Programu ikapita kimya juu ya pengo, haikulia, na kosa halikugundulika kwa muda mrefu. Walimwachisha. Waliomwachisha hawakusema ni kwa sababu haoni. Walisema hayuko makini. Amerudi nyumbani, hapokei simu yangu. Njia ndefu ina maneno. Maneno tunayasikia. Sikuja kukunyang'anya mikono yako, dada. Nimekuja kutafuta masikio ya wanafunzi wangu."

Mwenyekiti akarudi kwa Mama Nukta. "Dada, una la kujibu?"

Mama Nukta alitazama kitufe cha kuwashia sauti. Twiga alikuwa anamnong'oneza kitu, kwamba mashine ndiyo irekebishwe, si lugha. Ilikuwa hoja nzuri, na mtu mwingine kwenye kikao aliitoa baadaye, akajibiwa kwamba mashine zile zina wenyewe wengine, na wenyewe hao wameombwa miaka nenda rudi. Lakini wakati ule hakuwa na mdomo wa kuisema. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na mbele yake hapakuwa na mnyonge, palikuwa na mtu kama yeye. Alibonyeza kitufe.

"Sina," akasema.

Jioni ile hakumsimulia mumewe. Alisema kichwa kinamuuma, akalala upande wa ukuta.

Kesho yake mwalimu alimpigia. Namba alikuwa ameiomba kwa mwenyekiti.

"Nilikuwa nakuogopa," akamwambia. "Nilidhani utanitukana."

"Nami nilitamani uwe mtu mbaya, mwalimu."

"Basi tumepatana. Sikiliza. Kura bado. Kwa nini tusiwapelekee kitu cha tatu? Wewe taabu yako ni vidole, mimi taabu yangu ni masikio. Tutafute neno, fupi, linalosikika, libebe kazi ya nukta mbili."

Walizungumza mpaka simu ikapata moto. Mama Nukta alipendekeza neno la herufi nne, "kama": sampuli kama daktari kama simu. Mwalimu akaipa mashine yake isome, na ikasikika wazi kabisa. Mama Nukta akaliandika mara nyingi kwa kidole chake cha utiifu, akaona ni zito kuliko nukta lakini linabebeka. Mwalimu aliandika haraka ajabu, kwa hiyo Mama Nukta alisema na mwalimu akaandika, kisha mashine ikawasomea wote wawili, wakasahihisha, wakabishana juu ya koma, wakacheka. Zilipita jioni kadhaa hivyo. Mume akipita sebuleni alisikia mkewe akiongea kwa ile sauti yake ya zamani, ya kuamrisha, akaenda zake jikoni polepole asije akaikatiza.

Wakalipeleka, majina yao wote wawili yakiwa chini yake. Siku za kusubiri alikuwa mwepesi hata wa kutembea. Alimwambia Twiga kwamba safari hii hakuna anayeweza kukataa, kwa sababu waliokuwa wakigombana wamekuja wameshikana mikono.

Jibu la halmashauri lilikuwa la heshima kuliko yote. Liliwashukuru. Lilisema pendekezo lao ni mfano wa namna watu wanavyopaswa kujadiliana. Lakini muda wa kuingiza mambo mapya katika toleo lile ulikuwa umekwisha. Muda uliobaki ulikuwa wa kuondoa tu. Neno lao lingewekwa kwenye foleni ya toleo la mbele, ambalo tarehe yake haijapangwa. Kuhusu nukta mbili, kura ilikuwa imepigwa, na zimeondolewa.

Mwalimu alimpigia.

"Nimeshinda," mwalimu akasema, "na sijui nifurahi vipi."

"Furahi, mwalimu. Una wanafunzi."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

Meneja wa maabara hakuwa mtu wa shari. Alimwita ofisini, akamwambia asihofu, wao watabaki na toleo la zamani, nani atawalazimisha? Na kweli walibaki, mpaka maabara iliponunua mashine mpya za kupimia, na mashine hizo zikawa hazielewani na toleo la zamani. Meneja akamwita tena. Safari hii aliongea akiichezea kalamu: hawana budi kuhamia toleo jipya.

Kugeuza programu za zamani hakukuwa na shida. Kulikuwa na kifaa kilichofanya hivyo chenyewe, na kilimaliza kabla Twiga hajarudi na chai. Mama Nukta alifungua faili moja alilolijua kama anavyoijua nyumba yake. Mstari wake mmoja ulikuwa umegeuka ngazi: kama yupo, fungua, kama ipo, fungua, vinginevyo, funga, funga. Hakikuharibika kitu. Programu ilifanya kazi ileile, labda hata sasa ingesomeka na binti yule wa mwalimu. Ila haikuwa yake tena, na kila alipotaka kuongeza jambo ilimbidi aipande ngazi ile kwa vidole.

Alijikaza. Alijifunga bandeji za moto, akanunua kibodi yenye vitufe laini. Mume alijitolea kumwandikia nyumbani: mke aseme, yeye aandike. Wakaketi mezani saa ya magharibi, fundi wa mafriji akiwinda herufi moja moja kama kuku anayedonoa.

"Fungua mabano," mke akasema.

"Yale ya duara au ya nyoka?"

"Ya nyoka."

"Nyoka huyu anafungwa wapi?"

"Chini, baba. Bado kwanza."

"Nimeshamfunga."

Walifuta, wakaanza upya. Mara ya nne mume aliinua mikono yake mikubwa kutoka kwenye kibodi, mikono iliyojaa makovu ya waya na gesi, akaitazama, kisha akaitazama ya mkewe iliyolala mezani. "Ningekupa hii," akasema. "Haki ya Mungu ningekupa." Kisha akainuka, akasema anakwenda kuangalia maji kama yametoka.

Baada ya mwezi hivi meneja akamwita mara ya tatu. Hakumfukuza. Alimwambia wanahitaji mtu anayeujua mfumo ndani nje, wa kupokea simu za kliniki zinapokwama, na nani anaujua kuliko yeye? Mshahara uleule, kiti kizuri zaidi, kipokea sauti cha kuvaa kichwani, asiguse kibodi. Meza yake ya zamani angeichukua mtu mwingine. Mama Nukta alitafuta neno la kukataa, akakuta kila neno lina jibu lake tayari. Akasema ahsante, bosi.

Twiga alimsaidia kuhamisha vitu. Hakukuwa na vingi: kikombe, sweta, na picha ya harusi ambamo mume ametoa ulimi.

Kazi mpya aliiweza, na aliiweza vizuri mno. Wauguzi walimpenda. Walipiga simu wakiwa wamepandwa na hasira, wakakata wakicheka. Lakini mara nyingine, mtu akimweleza tatizo, aliona kichwani palipo na kosa, mstari hasa, na namna ya kulinyoosha. Ilibidi tatizo liandikiwe tiketi, yaani ombi la marekebisho, tiketi iende kwa aliyekalia meza yake, na aliyekalia meza yake alirekebisha kwa njia nyingine, ndefu, isiyo na kosa lolote.

Mchana mmoja, katikati ya simu na simu, ulimfikia ujumbe wa sauti wa mwalimu. Wanafunzi wake wamefanya mtihani kwa toleo jipya na wamefaulu wote, hata yule binti aliyekuwa amejifungia nyumbani. Alirudi, akafanya, akaongoza. Nyuma ya sauti ya mwalimu palikuwa na kelele za darasa, vigelegele, mtu akigonga dawati.

Mama Nukta alisikiliza mpaka mwisho. Alifurahi, na hakudanganya nafsi yake katika hilo. Akawasha kinasa sauti ajibu, akabaki amefungua mdomo, sekunde zikihesabika kwenye kioo cha simu. Akafuta. Akawasha tena.

"Hongera, mwalimu," akasema. "Mpe huyo binti salamu zangu."

Akatuma. Taa ya simu ya kliniki ya stendi ilikuwa ikiwaka, majibu yao hayajafika tangu asubuhi. Akavuta kipokea sauti, akakiweka sawa kwa kiganja.

"Maabara hapa," akasema. "Nieleze, dada, tangu mwanzo."